Bustani ya Al-Azhar: Jalala la Miaka 500 Lililogeuka Mahali pa Kupumzikia Familia



Ukitaja Al-Azhar katika nyumba zetu, watu hukumbuka mambo mawili: msikiti na chuo kikuu. Masheikh wengi wa Afrika Mashariki walikwenda kusoma huko Cairo, wakarudi kutufundisha. Lakini mwendo mfupi kutoka msikiti huo ipo pia bustani kubwa ya jiji yenye jina hilo hilo. Historia yake inafaa kusomwa na kila mtaa wa Waislamu unaolalamikia taka.

Kapu moja moja

Mji wa Cairo ulianzishwa na watawala wa Kifatimi mwaka 969, na Msikiti wa Al-Azhar ukajengwa mara baada ya hapo. Karibu miaka 200 baadaye utawala wa Misri ulikuwa mikononi mwa Salahuddin Ayyubi, na mwaka 1176 akaanzisha ujenzi wa ukuta mpya wa kuulinda mji.

Zamani zilipopita na hatari ya vita kupungua, watu wakaanza kutupa vifusi na taka nje ya ukuta huo, upande wa mashariki, mahali panapoitwa Darrasa. Wakaendelea hivyo kwa takriban miaka 500. Lundo likawa kilima, vilima vikaungana, na mwisho vikaufukia ukuta wenyewe.

Tujiulize, nani aliufukia ukuta wa Salahuddin? Hakuna adui aliyefanya hivyo. Kila mmoja alileta kapu lake moja tu, akasema kapu moja halina madhara, akarudi nyumbani kwake. Sisi nasi tunapotupa mfuko wa taka kwenye mtaro usiku, tunasema maneno hayo hayo.

Kazi ya miaka 21

Mwaka 1984 Aga Khan wa nne, aliyekuwa kiongozi wa Waismailia (alifariki Februari 2025), alitangaza kuwapa watu wa Cairo bustani iwe zawadi. Ukoo wake unajinasibisha na hao Wafatimi walioanzisha mji. Cairo ilikuwa na mamilioni ya watu na uhaba mkubwa wa miti na nafasi za watoto kucheza. Mahali palipopatikana ni pale pale jalalani Darrasa, eneo la hektari 30.

Kazi haikwenda haraka. Kwanza jiji lilihitaji kujenga hapo matangi matatu makubwa ya maji, kila moja lenye upana wa mita 80, ikabidi bustani ipangwe juu yake na kuyazunguka. Kisha udongo wenyewe ulikuwa na chumvi nyingi, mche ukipandwa unakufa. Vifusi na udongo vilivyohamishwa vilifika meta za ujazo milioni 1.5. Vikaanzishwa vitalu maalum vya kukuza mimea inayostahimili ardhi na jua la Misri. Bustani ilifunguliwa mwaka 2005, baada ya kutumia kiasi cha dola milioni 30.

Katika kuchimba, ukuta wa Salahuddin ukaonekana tena, urefu wa karibu kilometa moja na nusu, pamoja na minara yake ya ulinzi. Ndani yake yalikutwa hata mawe yenye maandishi ya zama za Mafirauni, ambayo wajenzi wa Salahuddin waliyatumia upya.

Majirani wa upande wa pili

Ndugu zangu, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ng'ambo ya ukuta kuna mtaa wa Darb al-Ahmar, mtaa wa mafundi na watu wa kipato kidogo, wapatao 200,000. Nyumba zao zilikuwa zinabomoka. Sote tunajua yanayotokea mahali pakipendeza: bei ya ardhi inapanda, na maskini aliyevumilia harufu ya taka miaka yote anaondolewa, ili tajiri aje kuvuta hewa safi. Na kweli, mipango ya serikali ya zamani ilitaka nyumba zilizoegemea ukuta zibomolewe.

Safari hii iliamuliwa vingine. Nyumba zikakarabatiwa na watu wakabaki ndani ya mtaa wao. Vijana wakafundishwa useremala na kazi ya mawe, wakaajiriwa katika kazi hizo hizo, na wenye biashara ndogo wakapewa mikopo. Ikakarabatiwa pia madrasa ya karne ya 14 ambayo Sultan Shaaban aliijenga kwa ajili ya mama yake.

Leo siku za mapumziko na za Idi familia hujaa bustanini. Wanatandika mikeka, watoto wanakimbia, wazee wanaangalia Ngome ya Salahuddin na minara ya misikiti jua linapozama. Hata hivyo kuna kiingilio. Wasimamizi hutegemea fedha hizo kulipa watunzaji na maji, na hoja hiyo ina uzito, maana bustani isiyotunzwa hurudi kuwa jalala. Lakini baba mwenye watoto sita huhesabu mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Kwa maoni yangu, zawadi kwa watu wa mji haijakamilika mpaka mnyonge aweze kuingia bila kuona haya. Taasisi hiyo hiyo ilikarabati bustani ya Forodhani, Zanzibar, iliyofunguliwa tena mwaka 2009, na pale mtu huingia bila tiketi.

La kufanya

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondoa kitu chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani, na kwamba mti ukiliwa na mtu, ndege au mnyama, aliyeupanda huandikiwa sadaka. Mafundisho haya watoto wetu wanayahifadhi kwa moyo, kisha wanatoka darasani na kutupa maganda ya miwa mlangoni pa msikiti.

Hatuna dola milioni 30. Lakini taka ya Darrasa ilianza na kapu moja, na usafi nao unaweza kuanza hivyo hivyo. Kila madrasa ichague kiwanja kimoja, isafishe kila wiki, ipande miti mitatu na kuimwagilia. Na kabla ya kuanza, waulizwe wanaoishi jirani na kiwanja hicho, hasa wale wasio na sauti, wanataka pawe mahali pa namna gani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutunza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.