Vidonge vya Akili na Mbio za Nakuru: Lipi Lafaa, Lipi Ladhuru

Vijana wetu wengi wa Pwani wako bara kwa masomo na kazi, na Nakuru ni mmoja wa miji waliyohamia. Alfajiri wanakimbia, usiku wanasoma. Kati ya hayo mawili wanauziwa vidonge, unga na vinywaji vya nguvu, wakiambiwa vinachangamsha akili. Mimi si daktari, lakini yafuatayo yanajulikana kuhusu vitu hivyo vinapokutana na mazoezi ya kutumia pumzi, kama kukimbia, kuendesha baiskeli na kutembea kwa haraka.

Kwanza, Nakuru si Mombasa. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Njoro, kilipo Chuo Kikuu cha Egerton, ni juu zaidi, na ukingo wa Menengai unapita mita 2,200. Pumzi moja ya hapo mjini ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Likoni. Kwa hivyo mgeni akianza kukimbia, moyo wake unafanya kazi kubwa hata kabla hajameza kitu.

Kafeini, ile ya kahawa na chai, ndiyo yenye ushahidi mzuri. Huizuia adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba mwili umechoka. Ndiyo maana mnywaji hukaa macho, na mkimbiaji huvumilia zaidi. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kututumua misuli, liliitoa katika orodha ya marufuku mwaka 2004. Lakini kafeini haiondoi uchovu, huuficha tu. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2015 walisema mtu mzima mwenye afya asizidi miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mara moja. Mjamzito asizidi 200 kwa siku. Baada ya saa tano hivi, nusu yake ingali mwilini. Ukiinywa baada ya Magharibi, unapoteza usingizi, na usingizi ndio unaoyakita masomo kichwani.

Miraa na muguka zina kathinoni, ambayo hupandisha presha na mapigo ya moyo. Kutafuna usiku kucha, kunywa kinywaji cha nguvu alfajiri, kisha kupanda Menengai mbio, ni kuubebesha moyo mizigo mitatu. Mwanariadha naye ajue kwamba kathini, iliyomo ndani ya miraa, imekatazwa wakati wa mashindano ikizidi kiwango kilichowekwa.

Unga wa kuchanganya na maji kabla ya mazoezi unahitaji tahadhari kubwa zaidi. Mwaka 2012 mwanamke wa miaka 30 alianguka akafa katika mbio za marathoni za London. Uchunguzi ulionyesha alikuwa ametumia kichangamshi kiitwacho DMAA, kilichokuwa kikiuzwa ndani ya unga kama huo.

Hata vitamini zina mipaka. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2009 uligundua kwamba vidonge vyenye vitamini C na E kwa wingi vilizuia baadhi ya manufaa ya mazoezi, hasa mwili kuitumia sukari vizuri. Nayo ginkgo, inayosifiwa kwa kumbukumbu, ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha haikuwakinga na ugonjwa wa kusahau.

Dawa ya akili yenye ushahidi ni mazoezi yenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120. Waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Wenzao waliokuwa wakinyoosha viungo tu, yao ilipungua.

Kwa hivyo ewe kijana wetu uliyeko Nakuru, wiki za kwanza nenda polepole. Kikombe kimoja cha kahawa kabla ya kukimbia chatosha. Ukiwa na presha, kisukari au maradhi ya moyo, muulize daktari kwanza. Na ukihisi kifua kinabana au moyo unarukaruka, simama hapo hapo, uende hospitali.