Laini Kumi na Tano

Fundi yeyote aliyefungua makasha ya kompyuta kabla ya 1995 anazijua namba hizi kwa kichwa: sifuri saa, moja kibodi, tatu na nne milango ya COM, sita flopi, saba printa. Hizo ndizo laini za IRQ, njia ambazo kifaa hupitia kuikatiza prosesa katikati ya kazi na kuidai ikishughulikie. IBM PC ya 1981 ilikuwa na laini nane, zote zikiishia kwenye chipu moja ya Intel, 8259A. Mwaka 1984, katika PC/AT, IBM iliongeza chipu ya pili na kuifungia kwenye laini namba 2 ya ile ya kwanza. Nane na nane ni kumi na sita, lakini moja imeliwa na kiungo, zikabaki 15. Ugomvi wa hizo 15 ndio ulionipa ugali kwa miaka mingi.

Zamani mgawaji alikuwa mimi na kibano changu. Kila kadi ilikuwa na safu ya vipini na jampa ndogo nyeusi. Unaihamisha, umeibadilishia kadi laini. Sound Blaster za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa kwenye 7, pale pale pa printa, na baadaye SB16 ikaja ikiwa kwenye 5. Kesi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya modemu. Mteja analalamika kwamba kila modemu ikianza kupiga simu, kipanya kinaganda. Hakuna kilichoharibika: kipanya kiko COM1, modemu imewekwa COM3, na milango hiyo miwili kwa desturi hutumia laini namba 4. Kwenye kadi za enzi hizo, za ISA, chipu haitazami kama laini iko juu, inangoja tu kuiona ikipanda. Kifaa kimoja kikiishikilia juu, wa pili abishe hodi mpaka achoke, hasikiki. Nahamisha jampa moja, mteja analipa, anaondoka akidhani ni uchawi.

Wasiwasi juu ya makatizo ni mkongwe kuliko PC. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alipokuwa Amsterdam akiiandikia programu mashine ya Electrologica X1, wenzake waliobuni mashine hiyo walitaka iwe na makatizo. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alishtuka na kupinga, kwa sababu katizo huja wakati wowote, na kosa litakalotokana nalo huenda lisijirudie ukalikamata. Mwishowe walimbembeleza akakubali, na kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya udaktari mwaka 1959. Mimi namwelewa sana. Kosa linalojirudia ni nusu ya kazi imekwisha.

Mfumo mpya wa kadi, PCI, ulipokuja, miaka ya tisini mwanzoni, uliahidi amani. Laini sasa inasomwa kwa hali yake, si kwa kupanda kwake, kwa hiyo vifaa vingi vinaweza kuchangia moja: kerneli inamwuliza kila mmoja, ni wewe? Jampa zikatoweka. Lakini ugawaji haukutoweka, ulihamia ndani ya BIOS. Pini nne za makatizo za kila nafasi ya kadi zimeunganishwa na madabodi kwa namna ambayo mtengenezaji peke yake anaijua, naye ndiye anayepaswa kuiandika kwenye jedwali. Tangu kiwango cha ACPI cha Desemba 1996, kilichotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba, jedwali hilo limekuwa programu kamili. Sehemu iitwayo _PRT inasema pini ipi inakwenda wapi, _PRS inataja laini zinazofaa, _SRS inachagua mojawapo, na _CRS inajibu ni ipi iliyochaguliwa.

Jedwali likikosewa, kibano hakina kazi. Dalili ni ujumbe wa Linux unaosema laini fulani imeita na hakuna aliyejali. Kerneli huhesabu: katika makatizo 100,000, kama zaidi ya 99,900 hayakudaiwa na kifaa chochote, inaifunga laini hiyo, na kila aliyekuwa akiitegemea anazimika pamoja nayo. Kadi ya mtandao inalaumiwa, inabadilishwa, mpya nayo inakufa vile vile. Hapo ndipo nilipojifunza kuyatoa majedwali kwa acpidump na kuyafumua kwa iasl, nikakuta BIOS unayoiamuru kwa _SRS ichukue laini 11, ukiiuliza kwa _CRS inajibu sifuri.

Walioandika Linux walikwisha kukutana na BIOS za namna hiyo. Sera yao, iliyoandikwa wazi kwenye faili la pci_link.c, ni kwamba _CRS ikijibu tofauti na ulichoamuru, chukulia amri ilitekelezwa na ulipuuze jibu. Faili hilo hilo lina orodha ya adhabu: kila laini ya zamani imepewa uzito, na kifaa kipya hupelekwa kwenye yenye uzito mdogo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Laini 5 imewekewa maelezo kwamba pengine ina Sound Blaster. Laini 7 imeandikiwa printa, na pia makatizo hewa, maana 8259A ikiitwa kisha mwitaji akanyamaza kabla ya kujibiwa, hutoa namba 7. Laini 10 na 11 zimeachiwa PCI. Kijana anayeanza ufundi leo hajawahi kuzishika kadi za ISA, lakini kompyuta yake bado inazikwepa.

Vifaa vya kisasa havigombei laini tena. Vinatumia MSI, iliyoingia na PCI 2.2 mwaka 1998: kifaa kinaandika ujumbe kwenye anwani fulani, basi. Mojawapo ya zilizobaki kwenye utaratibu wa kale ni namba 9, ambayo kwa kawaida ACPI yenyewe huitumia. Ukiletewa kompyuta ya mkononi isiyojua kama kifuniko kimefungwa, wala kitufe cha kuzima kimebonyezwa, anzia hapo: fungua /proc/interrupts ya Linux, tazama hesabu ya 9. Ikiwa inakimbia bila kusimama, au haisogei kabisa, jaribu kuiwasha kompyuta kwa kigezo cha kerneli acpi_sci=low, kisha acpi_sci=high, kabla hujamwambia mwenye mali anunue madabodi nyingine.