Nyika ya Taru kabla ya lami

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari la fowili, yaani la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kwangu ni Ziwa la Ng'ombe, Mombasa. Wengi wanaonijia wanajua lami tu, kwa hivyo nawapitisha lango la Bachuma, tuingie Tsavo Mashariki tukielekea bwawa la Aruba. Njia ni ya vumbi jekundu, tambarare, haina cha kumtisha mgeni. Fowili siwaruhusu kuiweka mpaka wausome udongo kwanza, na sababu yangu ni historia ya njia yetu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi.

Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kukata njia ya mikokoteni kutoka Mombasa kwenda bara. Nyika ya Taru ikawatesa: maji hakuna, miiba tele, na mbung'o wanaua ng'ombe wa kukokota. Reli ikaanza kujengwa 1896, mizigo ikahamia huko. Ndiposa hata 1926, dereva aliyeitwa Galton-Fenzi alipoendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa, barabara ya kuitwa barabara haikuwapo. Mnara wake uko Kenyatta Avenue, Nairobi. Mimi linalonigusa zaidi ni gari lenyewe: Riley ya kawaida, isiyo na fowili. Land Rover ya kwanza ilitoka 1948, miaka 22 baadaye!

Hata mashindano ya magari ya Safari yalipoanza 1953, ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalikuwa ya magari ya dukani, yamepangwa kwa bei zao. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na 1968 vilevile. Waliofika walijua wapi mchanga umeshikana na wapi tope limejificha chini ya ukoko mkavu. Lami ya kwenda Nairobi ilipokamilika, mwishoni mwa miaka ya 1960, ujuzi huo ulianza kupotea mikononi mwa madereva wa Pwani, na hilo linaniuma kweli.

Basi mwanafunzi wangu hushuka kwenye mkondo mkavu, aukanyage mchanga kwa miguu, apime kina kwa kijiti. Ukiwa laini, tunapunguza upepo wa tairi. Vidole gumba vinakaa nje ya usukani, usije ukazunguka ghafla ukavivunja. Hapo sasa ndipo fowili inawekwa, kabla tairi halijazama, na mguu unatulia kwenye mafuta mpaka ng'ambo. Masika yakianza, mwanafunzi mpya simpeleki huko.