Pipa la Chumbani, Melini

Mwaka 1991, karibu na Florida Keys, abiria wawili wa meli ya kitalii Regal Princess waliwarekodi kwa kamera ya video wafanyakazi wakitupa mifuko ya taka baharini. Mkataba wa MARPOL ulikuwa umeshapiga marufuku kutupa plastiki baharini tangu mwisho wa 1988. Video ikaifikia serikali ya Marekani, na 1993 Princess Cruises ikatozwa faini ya dola 500,000.

Watu huipenda stori hii kwa sababu aliyeshikwa ni tajiri. Mimi huvutiwa zaidi na ya 2019. Carnival, wenye Princess siku hizi, walikiri mahakamani Miami makosa kadhaa, mojawapo kumwaga mabaki ya chakula yaliyochanganyika na plastiki kwenye maji ya Bahamas. Faini: dola milioni 20. Chakula huruhusiwa kumwagwa mbali na nchi kavu. Plastiki hapana, hata mrija.

Sasa nani hutenganisha? Mhudumu wa chumba na wenzake kule chini, kwa mikono. Ukisokota ganda la ndizi ndani ya kikombe cha plastiki, umemwachia kazi yako, na si ati analipwa zaidi. Kampuni ibebe lawama zake, sawa. Lakini maganda ningeweka kando, chupa kando, na wembe ndani ya kitu kigumu usimkate vidole.