Je, tumbawe linaweza kufugwa nyumbani?

Baadhi yenu wasikilizaji mmetuuliza kuhusu picha zinazozunguka kwenye simu: sebule huko Ulaya au Marekani, tangi la kioo, na ndani yake matumbawe kama ya bahari yetu. Je, mtu anaweza kuvunja kipande mwambani akakifuge nyumbani? Jibu letu ni hapana, na hapa tunaeleza sababu.

Tumbawe ni nini?

Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni kundi la wanyama wadogo walioshikamana na kujijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa humpa mwenyeji wake.

Tuchukue mfano wa jamii ya Acropora, ambayo wengi wao wana matawi kama pembe. Wapo katika miamba ya pwani yetu, na wafugaji wanawahesabu miongoni mwa matumbawe magumu kufuga.

Wanahitaji nini?

- Joto: nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, bila kupandapanda na kushuka.
- Chumvi: takriban gramu 35 katika kila kilo ya maji. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa haina madini yote ya bahari.
- Kalsiamu ya kujengea mifupa: miligramu 400 hadi 450 kwa lita.
- Mwanga: taa kali kila siku.
- Mkondo: pampu za kusukuma maji usiku na mchana.
- Usafi: maji yaliyochujwa sana. Shaba, hata kidogo, ni sumu kwao.

Vipimo hivi vinatakiwa kutobadilika ghafla. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, maji husimama na hewa hupungua. Tumbawe likishtuka, nyama yake inaweza kubanduka yote ndani ya siku moja, ikabaki mifupa myeupe. Ndiyo maana wafugaji wengi husubiri miezi kadhaa tangi litulie kwanza.

Wanayapata wapi?

Wengi hununua vipande vilivyokatwa kutoka tumbawe lililokuzwa kwenye tangi. Hukigandisha kipande juu ya jiwe, nacho huota matawi mapya, kama tunavyopanda muhogo kwa kipande cha shina. Matumbawe magumu yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuyauza nchi za nje kunahitaji kibali.

Kwetu inatuhusu nini?

Baharini kazi zote hizo hufanywa bure na jua, mawimbi na mikondo. Lakini udhaifu wa tumbawe ni uleule. Joto la maji likizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi 1 tu, likadumu wiki kadhaa, tumbawe humtoa mwani wake na kupauka. Joto likipungua mapema, huweza kupona. Likiendelea, hufa kwa njaa. Mwaka 1998 maji ya moto yaliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo.

Joto la bahari hatuwezi kulizima kwa swichi. Nanga, baruti na miguu yetu juu ya mwamba tunaweza kuvizuia. Mwamba ukifa, samaki hukosa makazi, na mvuvi hurudi na dau tupu.