Kituo Namba 41 na Wenyewe Wake

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani yake tumezoea kuulizwa: lugha hii ni ya nani hasa? Huulizwa kwa mzaha, pengine kwa kejeli, nasi hujibu kadiri tuwezavyo. Wasemao Kihispania nchini Marekani waliulizwa jambo lililo karibu sana na hilo, ila wao waliulizwa mbele ya hakimu, na jibu lilipimwa kwa hisa za kampuni.

Habari yenyewe inaanzia San Antonio, katika jimbo la Texas, mji ambamo Kihispania kilisemwa kabla bendera ya Marekani haijapandishwa. Raoul Cortez, mzaliwa wa Veracruz huko Meksiko, alifungua redio yake, KCOR, mwaka 1946, na mwaka 1955 akaongeza televisheni, ya kwanza nchini humo kuendeshwa kwa Kihispania. Alipewa namba 41. Namba hiyo ilikuwa mzigo, kwa sababu televisheni nyingi za siku zile zilikamata namba 2 hadi 13 tu. Aliyetaka kumtazama Cortez hakuwa na budi kununua chombo cha ziada. Sheria ya kuwalazimisha watengenezaji waweke namba zote haikupitishwa hata mwaka 1962. Juu ya hayo, wenye bidhaa walisita kumlipa kwa matangazo, maana waliohesabu watazamaji hawakujishughulisha sana na nyumba zisizosema Kiingereza. Watu walikuwapo, wakitazama na kununua, lakini katika daftari za wafanyabiashara hawakuwapo.

Mwaka 1961 kituo kiliuzwa, kikabadilishwa jina kuwa KWEX. Miongoni mwa walionunua alikuwamo Emilio Nicolas, mkwewe Cortez, na Emilio Azcárraga Vidaurreta, tajiri wa redio na televisheni huko Meksiko. Hapo ndipo kampuni ya vituo ilipozaliwa. KMEX ya Los Angeles ilifuata mwaka 1962, kisha New York mwaka 1968, na Miami mwaka 1971.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 haimruhusu mgeni kumiliki zaidi ya asilimia 20 ya kampuni yenye leseni ya utangazaji. Azcárraga alishika asilimia 20 barabara, zisipungue wala zisizidi. Zilizobaki zilishikwa na raia wa Marekani, na kinara wao alikuwa René Anselmo, mtu wa Massachusetts mwenye asili ya Kiitalia, aliyepata kumfanyia Azcárraga kazi huko Meksiko. Lakini shirika la pili, lililovipatia vituo hivyo vipindi na kuviuzia matangazo, sehemu yake kubwa ilikuwa ya Azcárraga. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mmarekani, na chakula kilipikwa Meksiko.

Chakula hicho hakikuwaridhisha wote. Wapuerto Riko wa New York na Wakuba wa Miami walilalamika kwamba lafudhi, mizaha na tamthilia zilikuwa za Meksiko mno. Malalamiko hayo twayaelewa vyema sisi ambao wanafunzi wetu huambiwa kwamba Kiswahili chao si safi. Hata hivyo, tusividharau vituo vile. Mkuu wa habari wa KMEX alikuwa Ruben Salazar, mwandishi aliyeeleza bila woga jinsi polisi walivyowatendea watu wenye asili ya Meksiko. Tarehe 29 Agosti 1970, baada ya maandamano ya kupinga vita vya Vietnam, aliuawa mle mkahawani alimokuwa ameketi, kwa kombora la gesi ya machozi lililofyatuliwa na askari. Kazi kama yake isingeweza kuagizwa kutoka ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 1976 mmoja wa wenye hisa aliwashtaki wenzake, na mwaka 1980 watangazaji wengine wa Kihispania wakapeleka malalamiko kwa tume inayosimamia utangazaji. Januari 1986 hakimu wa tume akaamua kwamba vituo vile, kwa kweli, vilikuwa chini ya mkono wa wageni, leseni zisiendelezwe. Ilibidi viuzwe. Kundi moja la raia wenye asili ya Kihispania lilitaja bei kubwa kuliko wengine, lakini wauzaji wakawachagua Hallmark, watengenezaji wa kadi za salamu wa Kansas City, na mshirika wao, kwa dola milioni 301.5. Wapinzani walikwenda mahakamani wakashindwa. Kwa maoni yetu sheria ilitimizwa neno kwa neno, lakini wasemaji wenyewe hawakupata kitu: mgeni wa taifa aliondolewa, akaingia mgeni wa lugha.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1986, shirika la Meksiko lilipotaka kumweka mtangazaji wake mashuhuri, Jacobo Zabludovsky, juu ya idara ya habari, Gustavo Godoy aliyeongoza habari kule Miami alijiuzulu, na wenzake wengi wakamfuata. Waliogopa kwamba aliyezoea kuisifu serikali ya Meksiko angewafundisha hivyo hivyo. Hao hawakungoja hakimu awaambie sauti ni ya nani.

Hallmark waliuza mwaka 1992. Wanunuzi walikuwa Jerrold Perenchio wa Marekani, ndugu wawili Cisneros wa Venezuela, na Emilio Azcárraga Milmo, mwana wa yule wa kwanza. Sheria nayo ililegea: mwaka 2017 tume iliwaruhusu Wameksiko kushika hadi asilimia 40, na mwaka 2022 kampuni ya Marekani na vipindi vya Meksiko vikaunganishwa chini ya jina moja.

Jengo alilojenga Cortez San Antonio lilibomolewa mwaka 2013 ili zijengwe nyumba za kupangisha, na wakazi kadhaa waliosimama kulizuia wakakamatwa. Kituo chenyewe kilikwisha kuhamia kwingine, na namba yake ingali 41.