Mahenge: ngome ya bonde la Kilombero

Ngome zinazosimuliwa sana kwetu ziko pwani. Wareno walijenga ya Kilwa Kisiwani mwaka 1505, wakaanza ile ya Mombasa mwaka 1593, na mgeni huzipenda kwa mandhari ya bahari. Watu wa Ifakara nao wana ngome inayowahusu kwa damu: boma la Wajerumani la Mahenge.

Kutoka Ifakara unavuka mto Kilombero, zamani kwa kivuko, na tangu 2018 kwa daraja. Ukishaacha tambarare, barabara inaanza kupanda milima ya Wapogoro. Geuka utazame ulikotoka: bonde limetanda hadi Udzungwa. Aliyeishika milima hii alikuwa amelishika bonde.

Mto Kilombero ukiungana na Luwegu ndio huwa Rufiji. Ni upande huo, Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikogawa dawa ya maji, akiwaahidi watu kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Mwezi uliofuata vita hivyo, vya Maji Maji, vilikuwa vimefika Kilombero.

Asubuhi ya Agosti 30, 1905, Wapogoro walilivamia boma, kisha Wambunga wakaja kwa mamia. Ndani alikuwemo Kapteni Theodor von Hassel na askari wake, wenye bunduki za rashasha. Wapiganaji walianguka safu kwa safu, na waliobaki wakaendelea kusonga mbele. Boma halikuanguka, lakini walilizingira mpaka Septemba, Kapteni Ernst Nigmann alipofika na jeshi kutoka Iringa.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko risasi. Jeshi la Gavana von Götzen lilichoma vijiji, mashamba na maghala, njaa ikaua waliosalimika vitani. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000 katika Maji Maji yote. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Utawala wa Wajerumani Mahenge ulikoma Oktoba 9, 1917, Wabelgiji walipouteka mji.

Walimu wa Ifakara wanaofundisha Maji Maji darasani wawapandishe wanafunzi Mahenge. Wakiwa pale juu, wawaeleze kwamba waliokufa chini ya boma walikuwa wakulima wa bonde hili, wazee wao, waliokataa kutumikishwa kwenye ardhi yao wenyewe.